Mtoro bin Mwinyi Bakari na Njia ya Berlin

1. Mtu wa Bagamoyo

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa yapata mwaka 1869. Alizaliwa Dunda, karibu na mji wa Bagamoyo. Kwa asili alikuwa Mzaramo. Wakati ule pwani ya Tanganyika ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Wajerumani walikuwa hawajafika.

Bagamoyo ilikuwa bandari kubwa. Misafara ya biashara kutoka bara iliishia hapo. Wapagazi walitoka Tabora na Ujiji wakiwa na pembe za ndovu vichwani. Walirudi bara na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000. Watu walikwenda kwa miguu. Safari hiyo ilichukua miezi mitatu, na mara nyingi zaidi.

Mtoro alisoma Kurani na elimu ya dini. Alijifunza kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Siku hizo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo. Watu wengi hawakujua kusoma. Mtu aliyejua aliombwa asome barua za wenzake na kuwaandikia majibu.

Mtoro alikuwa pia msafiri. Alikwenda Udoe na Uzigua. Alitazama jinsi watu wanavyoishi, akauliza, akakumbuka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Baadaye aliandika habari za safari hiyo. Aliandika pia habari za Wazaramo.

2. Berlin yafika Bagamoyo

Mtoro alipokuwa kijana wa miaka 15 hivi, jambo kubwa lilitokea mbali sana na kwao. Mwezi wa Novemba 1884 wajumbe wa nchi 14 walikutana katika mji wa Berlin. Berlin ilikuwa mji mkuu wa Ujerumani. Wajumbe hao walizungumza juu ya Afrika mpaka mwezi wa Februari 1885. Waliweka masharti ya kuchukua nchi za Afrika. Hakuna Mwafrika hata mmoja aliyekaa katika mkutano huo.

Mkutano ulipokwisha tu, mfalme wa Ujerumani alitoa hati kwa kampuni ya Mjerumani aliyeitwa Carl Peters. Hati hiyo ilisema kuwa Ujerumani italinda nchi ambazo Peters alidai kuzipata kwa mikataba na machifu wa bara. Wakulima wa Usagara na Uzigua hawakupata habari. Walilima kama kawaida, na huku nchi yao imekwisha andikwa katika karatasi za watu wengine.

Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilitaka kutawala miji ya pwani. Watu wa pwani walikataa. Vita vikaanza. Abushiri bin Salim aliwaongoza watu wengi katika vita hivyo. Mji wa Bagamoyo uliharibiwa vibaya. Mwezi wa Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri huko Pangani.

Baada ya hapo serikali ya Wajerumani ilikaa Bagamoyo. Mwaka 1891 makao makuu yalihamishiwa Dar es Salaam. Watu walianza kutozwa kodi. Mtoro naye alifanya kazi ya kukusanya kodi chini ya serikali hiyo.

Basi Mtoro hakuwa amepata kuiona Berlin, lakini amri za Berlin zilikuwa zimemfikia nyumbani kwake.

3. Berlin iko wapi?

Ndugu msomaji, kama darasa lenu lina ramani ya dunia, itandikeni. Kama hakuna ramani, chora ardhini kwa kijiti.

Kwanza chora mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari huo ni ikweta. Sasa weka alama ya Bagamoyo chini kidogo ya mstari, upande wa kulia. Bagamoyo iko kusini ya ikweta, lakini si mbali nayo.

Sasa panda juu, yaani kaskazini. Vuka Kenya, Ethiopia, Sudan na Misri. Vuka Bahari ya Mediterania. Bahari hiyo inatenga Afrika na Ulaya. Panda tena mpaka upite milima mirefu ya Alps, yenye theluji mwaka mzima katika vilele vyake. Elekea kushoto kidogo unapopanda. Utafika Ujerumani. Berlin iko upande wa kaskazini-mashariki wa nchi hiyo.

Kama mtu angeweza kuruka moja kwa moja kama ndege wa porini, kutoka Bagamoyo mpaka Berlin ni karibu kilomita 7,000.

Berlin haiko pwani. Iko katika nchi tambarare yenye mchanga mwingi. Mto unaoitwa Spree unapita katikati ya mji. Spree unaingia katika mto Havel. Havel unaingia katika mto mkubwa wa Elbe. Elbe unapita katika mji wa Hamburg na kumwaga maji yake katika Bahari ya Kaskazini. Kwa hiyo mashua ndogo inaweza kutoka Berlin na kufuata maji mpaka baharini. Lakini meli kubwa za bahari haziwezi kufika Berlin. Huishia Hamburg.

Kwa kuwa Berlin iko mbali na ikweta, majira yake si kama yetu. Kwetu mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima. Berlin sivyo. Mwezi wa Juni mchana wake ni karibu saa 17. Mwezi wa Desemba mchana ni chini ya saa 8. Siku hizo za Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na hutua kabla ya saa kumi jioni. Baridi ni kali. Maji ya mito huweza kuganda. Miti mingi hupukutisha majani yote, ikabaki kama imekufa. Majani huota tena baridi inapokwisha.

4. Safari ya kwenda

Mwaka 1900 Mtoro aliitwa Berlin kufundisha Kiswahili. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi.

Safari ya wakati ule haikuwa ya siku moja. Maji ya pwani ya Bagamoyo ni mafupi, na meli kubwa haziwezi kukaribia nchi kavu. Meli za kwenda Ulaya zilitia nanga Dar es Salaam, Unguja na Tanga. Kuanzia mwaka 1890 kampuni moja ya Kijerumani ilikuwa na meli zilizokwenda na kurudi kati ya Hamburg na Afrika ya Mashariki.

Meli ilikwenda kaskazini, ikifuata pwani ya Afrika. Ilipita rasi ya Wasomali. Ilifika Adeni, ikachukua makaa ya mawe, kwa maana meli za wakati ule ziliendeshwa kwa moto wa makaa. Kisha iliingia Bahari ya Shamu, yenye joto kubwa. Mwisho wa bahari hiyo ni Suez.

Zamani meli zilikwama hapo. Kati ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Mediterania palikuwa na nchi kavu. Meli ya kwenda Ulaya ilibidi kuzunguka Afrika yote kwa upande wa kusini. Mwaka 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa. Urefu wake ulikuwa kiasi cha kilomita 160. Maelfu ya wakulima wa Misri walilazimishwa kuuchimba, na wengi wakafa. Baada ya mfereji huo, njia ya Ulaya ilifupika sana. Mwaka huo mfereji ulipofunguliwa ndio mwaka ambao inakisiwa Mtoro alizaliwa.

Kutoka mferejini meli ilitokea Port Said, ikaingia Bahari ya Mediterania. Abiria wengine walishuka Italia na kupanda gari moshi la kuvuka milima ya Alps. Wengine walibaki melini. Meli ilitoka nje ya bahari hiyo kwa mlango mwembamba wa Gibraltar. Ikapinda kaskazini, ikapita pwani za Ureno na Ufaransa, ikaingia Bahari ya Kaskazini. Mwisho ilipanda mto Elbe kiasi cha kilomita 100 na kutia nanga Hamburg.

Kutoka Hamburg mpaka Berlin ni karibu kilomita 300. Reli ilikuwapo tangu mwaka 1846. Gari moshi lilikwenda mwendo huo kwa muda wa saa chache tu. Mpagazi wa Bagamoyo angetembea mwendo huo kwa wiki mbili au tatu.

Safari yote ya baharini ilichukua wiki kadhaa.

5. Mwalimu Berlin

Mwaka 1900 Berlin ilikuwa na watu karibu milioni mbili. Nyumba za ghorofa zilipangwa mtaa baada ya mtaa. Mwaka 1902 treni za umeme zilianza kupita, sehemu nyingine juu ya madaraja na sehemu nyingine chini ya ardhi.

Chuo alichofundisha Mtoro kiliitwa Chuo cha Lugha za Mashariki. Kilianzishwa mwaka 1887. Serikali ya Ujerumani ilitaka watu wake wajue lugha za nchi walizotawala na nchi walizofanya nazo biashara. Kiswahili kilikuwa moja ya lugha hizo. Mtoro hakuwa mtu wa kwanza wa kwetu kufundisha hapo. Kabla yake alikuwapo Amur bin Nasur wa Unguja, na mwingine kabla ya huyo.

Mkuu wa masomo ya Kiswahili alikuwa Mjerumani, jina lake Carl Velten. Zamani Velten alikuwa mkalimani wa gavana huku Afrika ya Mashariki. Mtoro alikuwa msaidizi wake. Kazi ya Mtoro ilikuwa kuwafundisha wanafunzi matamshi, mazungumzo, na kusoma maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Wanafunzi wake walikuwa watu wazima. Walikuwamo maofisa wa jeshi, watumishi wa serikali, wafanyabiashara na wamisionari. Walijifunza kuamkia, kuuliza njia, kununua chakula na kutoa amri. Walipomaliza masomo, wengi walipanda meli wakaja huku kwetu kutawala au kufanya kazi nyingine.

Fikiri jambo hili, ndugu msomaji. Watu hao walitaka kuitawala nchi ya Mtoro. Lakini bila ya kufundishwa na mtu kama Mtoro, hawakuweza hata kuomba maji ya kunywa kijijini.

6. Kitabu cha desturi

Mtoro hakufundisha kwa mdomo tu. Aliandika.

Mwaka 1901 Velten alitoa kitabu cha safari za Waswahili. Ndani yake imo habari ya Mtoro ya safari ya Udoe na Uzigua. Imo pia habari ya Salim bin Abakari, mtu wa Komoro, aliyesafiri mpaka Urusi na Siberia. Kwa kawaida Wazungu ndio walioandika habari za safari zao katika Afrika. Katika kitabu hiki Waafrika walisimulia safari zao wenyewe.

Mwaka 1903 kilitoka kitabu kikubwa zaidi. Ni kitabu cha desturi za Waswahili. Jina la Velten liliandikwa kwenye jalada. Lakini sehemu kubwa ya maneno ya ndani ilikuwa kazi ya Mtoro.

Kitabu hicho kinaeleza maisha ya watu wa pwani tangu kuzaliwa mpaka kufa. Kinaeleza mtoto anavyozaliwa na kupewa jina. Kinaeleza chuo cha Kurani na adabu za mwanafunzi kwa mwalimu wake. Kinaeleza jando na unyago, posa na harusi, talaka na urithi. Kinaeleza kilimo, ngoma, uganga, deni na hukumu. Kinaeleza misafara ya bara. Kinaeleza pia utumwa ulivyokuwa, bila ya kuuficha. Mwisho kinaeleza mazishi na matanga.

Mtoro aliandika mambo ambayo kila mtu wa Bagamoyo aliyajua. Labda jirani zake wangeona si mambo ya kuandikwa. Lakini mambo ambayo kila mtu anayajua husahauliwa upesi wazee wanapoondoka. Leo mtu akitaka kujua watu wa pwani waliishi vipi zaidi ya miaka 100 iliyopita, hukitafuta kitabu hicho. Mwaka 1981 kilitolewa pia kwa Kiingereza.

7. Ndoa

Mwaka 1904 Mtoro alioa. Mke wake alikuwa Mjerumani, jina lake Bertha Hilske. Walioana kisheria Berlin.

Wakubwa wengi hawakupendezwa. Utawala wa kikoloni ulisimama juu ya fikira moja, kwamba mtu mweupe ni bwana na mtu mweusi ni mtumishi. Mwanamume wa Kijerumani aliyekaa na mwanamke wa Kiafrika alisemwa kidogo tu, kisha akaachwa. Lakini mwanamke wa Kijerumani kuwa mke halali wa Mwafrika lilikuwa jambo jingine. Waliona kuwa ndoa kama hiyo itavunja heshima ya watawala machoni pa watu wanaotawaliwa.

Mtoro hakuwa amevunja sheria yoyote. Alikuwa mwalimu mwenye elimu, na mwandishi. Alikuwa na mke wa halali. Hata hivyo, mambo yake pale chuoni yaliharibika. Akaacha kazi ya chuo. Akaamua kurudi kwao pamoja na mke wake.

8. Njia ya kurudi

Mwaka 1905 Mtoro na Bertha walipanda meli. Walifuata njia ile ile, sasa kinyume. Baridi ilibaki nyuma. Walipita mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu. Walifika mpaka pwani ya Afrika ya Mashariki.

Hapo wakazuiwa. Serikali ya gavana haikuwaruhusu kukaa nchini. Gavana wakati ule alikuwa Graf von Götzen. Wakubwa wa serikali walisema kuwa mume Mwafrika na mke Mzungu watahatarisha amani ya nchi.

Ndugu msomaji, Mtoro hakuwa mgeni katika nchi hiyo. Mababu zake walizikwa hapo. Wanafunzi wake, waliotoka Ulaya, walikuwa wameruhusiwa kushuka. Walikaa katika maboma na ofisi, wakisema Kiswahili alichowafundisha. Yeye mwalimu wao alikatazwa, na nchi ilikuwa yake.

Mtoro na mke wake walirudishwa Ujerumani. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, watu wa kusini walianza vita vya Maji Maji. Amani ambayo gavana alidai kuilinda haikuwapo. Haikuvunjwa na ndoa ya Mtoro. Ilivunjwa na kodi, kazi za lazima na viboko.

9. Miaka ya mwisho

Mtoro hakunyamaza. Aliwaandikia wakubwa wa Ujerumani, akadai haki yake. Wakati ule Waafrika wachache sana waliweza kuandika kwa wakubwa hao. Lakini hakupewa njia ya kurudi.

Ilibidi atafute riziki huko huko. Mwaka 1909 alianza kufanya kazi Hamburg, katika chuo kingine kilichofundisha mambo ya makoloni. Alimsaidia mtaalamu wa lugha za Kiafrika aliyeitwa Carl Meinhof. Alifanya kazi hiyo kwa miaka michache. Alizunguka pia katika miji ya Ujerumani na kutoa mihadhara. Aliwaeleza watu habari za Afrika ya Mashariki, nchi ambayo yeye mwenyewe alizuiwa kuikanyaga.

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Iliisha mwaka 1918. Ujerumani ilishindwa. Kwa mkataba wa mwaka 1919 ilinyang'anywa makoloni yake yote. Nchi ya Mtoro ikaingia mikononi mwa Waingereza, na ikaitwa Tanganyika. Gavana wa Kijerumani hakuwapo tena wa kumzuia. Lakini Mtoro alikuwa mtu wa miaka 50, na maisha yake yalikuwa Berlin.

Hakurudi kuishi Bagamoyo. Alikufa Berlin mwaka 1927. Alikuwa ameishi Ujerumani kwa miaka 27, isipokuwa ile safari ya mwaka 1905.

10. Berlin baada ya Mtoro

Berlin aliyoijua Mtoro ilibadilika sana. Katika Vita Kuu ya Pili mji uliharibiwa kwa mabomu. Mwaka 1945 washindi waliugawa. Baadaye ukawa na sehemu mbili, Berlin ya Mashariki na Berlin ya Magharibi. Mwaka 1961 ukuta ulijengwa katikati. Ndugu waliokaa mitaa ya jirani hawakuweza kutembeleana. Ukuta ulifunguliwa mwezi wa Novemba 1989. Mwaka 1990 Ujerumani mbili ziliungana, na Berlin ikawa tena mji mkuu wa nchi nzima.

Hivyo watu wa Berlin nao walionja kufungiwa njia. Walijua uchungu wa kuona nyumba ya ndugu kwa macho na kushindwa kuifikia.

Siku hizi msafiri wa kutoka Dar es Salaam huenda Berlin kwa ndege. Hubadili ndege njiani. Safari huweza kwisha kwa siku moja. Lakini kupata ndege si kazi kubwa. Kazi ni kupata hati. Msafiri anahitaji pasi ya kusafiria ya nchi yake na ruhusa ya Ujerumani ya kuingia, iitwayo viza. Bila ya hati hizo, atarudishwa hata kama ana nauli. Umbali wa nchi hupimwa kwa kilomita. Lakini kuna umbali mwingine, nao ni ruhusa ya wenye mamlaka. Mtoro alizipita bahari zote, akashindwa na huo wa pili.

11. Tunajifunza nini?

Tunajifunza kwamba mji ulio mbali sana unaweza kugusa maisha ya kijiji. Watu wa Bagamoyo hawakuijua Berlin, na Berlin ikaamua mambo yao. Ndiyo maana inafaa kujua mahali miji mikuu ilipo, nani anakutana huko, na wanaamua nini juu yetu. Kusoma ramani na kusoma gazeti si kazi ya watoto wa shule peke yao.

Tunajifunza pia kwamba safari ina pande mbili, kwenda na kurudi. Wazee walimuuliza msafiri atapita wapi, atakula nini, na atarudi lini. Mtu anayeitwa kufanya kazi mbali, iwe mjini au nchi ya nje, aulize mapema juu ya kurudi kwake. Asome karatasi kabla ya kutia sahihi. Kama hajaelewa, aombe asomewe na mtu anayemwamini.

Na tunajifunza faida ya kuandika. Mtoro alizuiwa kushuka pwani ya kwao. Lakini aliyoyaandika yalirudi. Kitabu chake kinasomwa na wanafunzi wa vyuo vikuu, Tanzania na nchi nyingine. Kiswahili alichokifundisha hufundishwa mpaka leo katika vyuo kadhaa vya Ujerumani. Wakubwa waliomkataza walikufa, na amri yao ikafa.

Wewe uliyejua kusoma na kuandika mwaka huu, unazo habari za kwenu ambazo hazijaandikwa. Unajua jinsi shamba la kwenu linavyolimwa. Unajua jinsi arusi inavyofanywa, na jinsi wazee walivyosuluhisha ugomvi. Nunua daftari. Anza na jambo moja.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Mtoro alizaliwa wapi? Watu wa mji huo walifanya biashara gani?
2. Kwa nini meli kubwa kutoka Afrika haziwezi kufika Berlin?
3. Taja njia ya meli kutoka Dar es Salaam mpaka Hamburg. Mfereji wa Suez ulisaidia nini?
4. Kwa nini mchana wa Berlin ni mfupi mwezi wa Desemba na mrefu mwezi wa Juni, lakini mchana wa kwetu haubadiliki sana?
5. Kwa nini serikali ya Wajerumani ilimzuia Mtoro na mke wake mwaka 1905? Unaonaje sababu waliyoitoa?
6. Kuna mtu wa kijiji chenu aliyekwenda kufanya kazi mbali? Aliuliza nini kabla ya kuondoka? Alipaswa kuuliza nini zaidi?
7. Andika mistari kumi juu ya desturi moja ya kwenu. Wasomee wenzako darasani.